Ubeti wa Kurudi: Maisha ya Pasipoti, Dobi na Mwimbaji

Mama huyu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 14 Machi 1948, mtoto wa nne wa fundi viatu na mshona magodoro, katika nyumba ya vyumba viwili iliyotazamana na ukuta wa kiwanda cha sabuni. Alizaliwa asubuhi, king'ora cha kiwanda kikilia. Mama yake alikuwa akisimulia kwamba mtoto alipokisikia alinyamaza, akakisikiliza mpaka kikaisha, ndipo akaendelea kulia kwa sauti ileile. Ndugu zake walilicheka neno hilo miaka yote. Waliomsikia akiimba hawakulibishia.

Alisoma madarasa manne, kuanzia Januari 1956 hadi Novemba 1959. Darasani mwao kulikuwa na ramani moja ya dunia, ya kitambaa kilichochoka. Msumari wa kona moja ulikuwa umeng'oka, na kwa kuwa yeye alikuwa mrefu, alipewa kazi ya kuishika kona hiyo mwalimu akifundisha. Aliijua dunia kwa karibu, hata harufu yake. Akaona jambo ambalo hakulisahau: mji wao haukuwamo. Mahali pake palikuwa na tundu. Kila mtoto aliyepita darasa lile alikuwa ameweka kidole pale na kusema "sisi tuko hapa", mpaka kitambaa kikatoboka.

"Miji ya watu yote ilikuwapo," alikuwa akisema. "Kwetu tu ndiko tulikokumaliza kwa vidole."

Tarehe 3 Juni 1966 aliajiriwa katika chumba cha dobi cha hoteli kubwa ya karibu na stesheni. Alipiga pasi hapo miaka thelathini na saba, akastaafu tarehe 30 Juni 2003. Mashati ya wageni yalikuwa na lebo ndani ya kola, zimeandikwa mji yalikoshonwa. Alizisoma moja moja. Parisi. Havana. Bombei. Rio. Tokyo. Alizitaja kwa sauti, pasi ikienda na kurudi, na kutaja kukageuka kuimba.

"Mimi sijasafiri hata mara moja," aliwaambia wenzake, "lakini dunia yote imepita chini ya pasi yangu, nami nimeinyoosha."

Ndipo wakamwita Pasipoti. Pasipoti yenyewe hakuwahi kuwa nayo.

Chini ya chumba hicho kulikuwa na boila, tangi la kuchemshia maji ya hoteli nzima. Aliyeiangalia alikuwa kijana ambaye hakuingia darasani hata siku moja. Kazi yake ilikuwa kukaa mbele ya kipimo cha mvuke na kuutazama mshale. Sauti ya dobi ilimshukia kupitia bomba. Alimpenda miezi minne kabla ya kumwona uso. Siku moja akapanda ngazi, akasema amekuja kuangalia kama maji ya moto yanatosha.

"Yanatosha," marehemu akamwambia.

Kesho yake akapanda tena.

"Kaka, maji tunayaona wenyewe. Sema kilichokuleta."

Alirudi chini kwenye boila yake. Hata leo si msemaji.

Jioni marehemu aliimba na bendi ya hoteli, watu wanane. Mpiga gitaa wao, aliyeitwa Mwalimu kwa sababu ya miwani tu, aliusikia wimbo wa kola, akautafutia nyuzi zake. Ukawa wimbo wa beti saba. Sita zilikuwa za miji ya mbali, na wa saba ulikuwa wa kurudi nyumbani. Katikati kulikuwa na kiitikio ambacho wengi hapa wanakijua: *Msiniwekee chakula, naizunguka dunia.*

Waliurekodi tarehe 9 Agosti 1973, katika chumba kilichofunikwa kuta zote kwa magodoro. Upande mmoja wa santuri ulibeba dakika tatu na nusu. Alihitajika mtu wa kutazama saa na kuwaonyesha bendi wakati umekwisha.

"Mchukueni yule wa boila," marehemu akasema. "Huyo mishale ndiyo maisha yake."

Fundi mitambo wa kurekodi akampa kijana saa ya kushika mkononi. Tarakimu hakuzijua. Basi marehemu alitoa rangi yake ya kucha, nyekundu, akatia nukta chini kwenye kioo cha saa.

"Uzunguke mara tatu," akamwambia. "Ukianza wa nne, ukishuka ukafika kwenye nyekundu yangu, inua mkono. Umenisikia, Bwana Mshale?"

Alimsikia. Mara nne wimbo uliharibika. Tarumbeta ilikwama, mpiga ngoma akapiga chafya, mara Mwalimu akakata uzi, mara watu wakacheka kwa kuikumbuka ile chafya. Mara ya tano ukatoka kama maji. Marehemu alipita Parisi, akapita Havana, akaenda, akaenda, akafika Tokyo.

Mtu wa boila hasubiri mshale uguse nyekundu. Ukigusa, jengo limekwenda na watu wake. Mkono hutangulia. Ndivyo alivyofundishwa, ndivyo mwili wake ulivyozoea. Mshale ulimaliza mzunguko wa tatu, ukaanza kushuka kuelekea nukta ile, na mkono ukainuka wenyewe.

Marehemu aliuona. Akamalizia neno lililokuwa mdomoni, bendi ikafunga. Ubeti wa kurudi haukuimbwa.

Wote walidhani utepe wa kurekodia umekwisha. Walikumbatiana kwa uzuri wa wimbo, na bendi nyingine ilikuwa mlangoni ikingoja zamu. Fundi mitambo alimvuta kijana pembeni.

"Utepe umebaki wa nusu dakika. Mbona uliwahi?"

Kijana akaomba tu, "Usiwaambie."

Fundi akamtazama, akamrudishia ile saa. "Ichukue. Wewe nayo mnajuana."

Fundi alifariki mwaka 1988, naye hakumwambia mtu. Baada yake neno hilo lilibaki na mtu mmoja. Leo linasemwa hapa waziwazi, mbele ya jeneza lake.

Wimbo ulipendwa. Ulipigwa redioni, vinyozini, kwenye harusi za watu wasiomjua mwimbaji. Wasikilizaji walitaka kuusikia kama ulivyo kwenye santuri, basi hata jukwaani ubeti wa saba ukaachwa. Haukuandikwa popote. Ukasahaulika, na marehemu akabaki na mzaha wake. Akimwona kijana wa boila anapita hupaza sauti: "Jamani, huyu ndiye aliyeniacha Tokyo!"

Desemba ya mwaka uleule wa 1973 kijana alipanda ngazi kwa mara ya mwisho kuuliza habari za maji.

"Nataka kukuoa," akasema.

"Wewe? Uliyeniacha Tokyo?"

"Ndiyo."

Marehemu aliweka pasi wima. "Sawa. Aliyeniacha ndiye atakayenirudisha. Njia anaijua yeye."

Madobi walicheka mpaka msimamizi akaja kuuliza kuna nini. Kijana hakucheka. Alilichukua kama kiapo.

Walifunga ndoa tarehe 2 Februari 1974, wakahamia nyumba aliyoichagua marehemu mwenyewe, ya ngazi tatu na mlango wa kijani, mtaa wa nyuma ya kiwanda. Walijaliwa watoto watatu. Marehemu hakupenda mlango ubishwe. Mgeni akibisha hujibu kutoka ndani, "Sukuma tu, umefika!" Watoto wakimwudhi aliwapangia safari: huyu leo anakwenda Havana, yule Rio, na kila mmoja alijua pembe yake ya kwenda kukaa. Pembe ya Tokyo ilikuwa ya baba yao.

Ugonjwa ulianza Aprili 2019. Kwanza aliweka pasi kabatini ikiwa ya moto. Halafu akaanza kupotea sokoni. Januari 2022 alipigwa na kiharusi, miguu ikakataa, na yale ya kusahau yakaongezeka. Tangu hapo alikuwa kitandani, na akilini mwake kitanda hicho hakikuwa nyumbani.

"Kaka, samahani," alimwambia mumewe asubuhi moja, kwa ile heshima ya kumwuliza mtu njia. "Gari la kurudi linaondoka saa ngapi?"

"Upo nyumbani, mama."

"Usinidanganye. Kwetu kuna ngazi tatu na mlango wa kijani. Hapa naona ukuta."

Binti yao mkubwa, ambaye ni muuguzi, alisema, "Baba, mjibu tu. Mwambie kesho."

Akamwambia kesho. Kulipokucha alimkuta amekaa kitandani, mkoba mapajani, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Alikuwa ameanza kujiandaa gizani. Mumewe hakumwambia kesho tena.

Akaanza kukataa kula. Walimletea sahani, akaisukuma kwa adabu. "Msiniwekee chakula. Sijafika."

Na ng'ambo ya barabara, kwa kinyozi, santuri ile ilikuwa ikipigwa. Sauti yake ya miaka ishirini na mitano iliingia dirishani, ikiaga. Yeye aliinua kichwa. "Yule dada anaondoka. Hana mtu wa kumzuia?"

Mumewe alivuka barabara.

"Huo wimbo, mwanangu. Pumzika nao kidogo."

"Mzee, wateja wanaudai."

"Najua. Anayeimba ni mke wangu, na yuko pale dirishani."

Kinyozi alizima palepale, mkasi ukiwa hewani. Lakini mzee aliporudi chumbani alimkuta marehemu amegeukia dirishani. "Amenyamaza. Amepotelea wapi?" Ikabidi avuke tena, amwombe kinyozi apige.

Mwezi Septemba mwaka huu mumewe alikaa kando ya kitanda, akamweleza yote: nukta nyekundu, mkono, nusu dakika iliyobaki. Marehemu alisikiliza kama anavyosikiliza mtu aliyekaa na mgeni kwenye benchi la kituoni.

"Pole, kaka," akasema. "Na mkeo alisemaje?"

"Sikumwambia."

"Mwambie, bwana. Pengine yuko mahali anakungoja umfuate."

Katika bendi ile aliyebaki ni Mwalimu peke yake. Mzee alimwendea, akamweleza naye. Mwalimu alivua miwani, akaivaa.

"Nusu dakika," akasema. "Ulikuwa na nusu dakika, bwana wewe."

"Nilikuwa nayo."

"Maneno siyajui. Maneno yalikuwa ya mkeo. Mimi nilikuwa na nyuzi tu." Akachukua gitaa. Vidole vilikuwa vinakumbuka. Mzee naye akakumbuka mstari mmoja, wa kwanza, aliousikia kupitia bomba: *Nikishuka nitahesabu ngazi tatu.* Mingine haikuja.

Tarehe 11 Oktoba 2024, asubuhi, marehemu alikuwa na siku sita bila kula. Mumewe akasema atolewe nje.

"Nje wapi, baba, katika hali hii?" binti akauliza.

"Nje. Sasa mtu aliye ndani nitamwingizaje?"

Binti na kaka yake wakamweka kwenye kiti, wakambeba hadi barabarani, wakamtua akiutazama mlango. Mwalimu alikaa kando ya kizingiti na gitaa lake. Kinyozi alizima santuri bila kuambiwa. Mwalimu akapiga, na mzee ambaye hajawahi kuimba mbele ya watu akaimba ule mstari mmoja. Wakampandisha. Marehemu alitazama chini.

"Moja," akasema. "Mbili. Tatu."

Mzee hakuwa na mstari wa pili. Gitaa liliendelea lenyewe, na ndipo marehemu akaingia, kwa sauti ndogo lakini pale pale nyuzi zilipomtaka: "Mlango wa kijani, usibishe. Usukume tu, umefika."

Kama hayo ndiyo yaliyokuwa maneno ya ubeti, au alikuwa anausema mlango wao tu, mumewe hajui. Hakuuliza. Alisukuma.

Ndani marehemu aliitazama meza, akalitazama dirisha, akamtazama yeye.

"Bwana Mshale. Mmeniwekea chakula?"

"Kipo, mama."

Alikula vijiko vitano. Akasema amechoka na safari, akalala. Hakuamka.

Daktari alipofika aliuliza alifariki saa ngapi. Saa ilikuwapo, na nukta yake nyekundu kiooni, lakini mumewe alikuwa ameilaza kifudifudi dirishani tangu walipoingia. Hakuna aliyetazama. Cheti kinasema saa nne asubuhi. Hiyo ni ya kukadiria.

Marehemu ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba, kitukuu mmoja na dada yake mdogo. Ameacha pia pasi moja ya chuma, ambayo binti mkubwa ataichukua.

Kabla hatujamshusha, Mwalimu ataupiga ubeti wa saba. Ni mfupi. Mwenye saa tunamwomba aitie mfukoni, na mtu asiinue mkono mpaka nyuzi zinyamaze zenyewe.

Umefika, mama. Lala kwako kwa amani.