Mjane Niliyemtosa Mtoni

Treni ilikuwa haijashika mwendo, lakini waliokaa mbele yangu walikuwa wameshavaana. Walibishania ile riwaya tuliyoisoma sote shuleni, ambayo sasa inaonyeshwa kwenye televisheni.

"Wameiharibu, kaka yangu," alisema muuguzi, sare ikichungulia chini ya sweta. "Eti mjane anajitosa mtoni! Kitabuni anarudi kwake, anabadilisha kufuli, mashemeji wanabaki kugonga mlango. Nilipofiwa na mume wangu, ukurasa ule ndio ulionipa ubavu wa kubaki na nyumba yangu."

Fundi cherehani, tepu ya kupimia ikiwa bado shingoni, akacheka. "Hilo umeliota, dada. Mjane anakufa maji. Mtihani nilijibu hivyo hivyo, nikapata alama zote. Mwongozo ulisema."

"Mwongozo uliandikwa na nani?"

"Msomi mmoja."

Msomi huyo nilikuwa mimi. Nakala yangu ilikuwa imenyofoka kurasa za mwisho, na mchapishaji alikuwa amenikaba koo. Nilipomwacha mjane alikuwa amesimama kando ya mto, basi nikamtosa. Mtihani nao nilisahihisha mimi.

"Basi alikuwa mvivu," alisema muuguzi.

"Usimseme vibaya, yule amesoma!" Fundi alinitetea mpaka nikatamani anitukane.

Treni ikasimama. Fundi akanigeukia. "Mzee, unaonekana msomaji. Hebu tuamue."

Nikamwambia nashuka hapa, na kweli nikashuka. Kwangu ni vituo vinne mbele.