Hodi Isiyosikika

Kijiwe chetu ni benchi mbele ya duka la mikate la Battista, upande wa kaskazini wa mji wa Endicott, na wakaaji wake ni sisi wastaafu, wengi wetu wa kiwanda cha kompyuta. Jumamosi ile tulikuwa tumekizunguka kinanda cha mabomba cha bembea ya kuzunguka ya farasi wa mbao, ile ya bustanini, kilicholetwa hapo kijiweni kwa majaribio ya mwisho. Stan Hrebik, tunayemwita Solda kwa ile risasi ya kuunganishia nyaya, alikuwa amekihangaikia majira matatu ya baridi hadi kikafufuka, kikawa kinapigwa na kompyuta kuukuu kwa programu aliyoiandika mwenyewe. Saa nane mchana bembea ilikuwa ifunguliwe. Halmashauri ilishasema: kikizingua, wanaweka spika badala yake. Nacho kilikuwa kinazingua. Kila walzi, muziki ule wa dansi, ikikolea, kinashikwa na kwikwi.

— Joto hilo, alisema Orrin. Huyu aliuza magari maisha yake yote, kwa hiyo tunamwita Profesa. Haba na haba hujaza kibaba, akaongeza. Joto limejaa kibaba.

— Kibaba kichwani mwako, alijibu Concetta, aliyekagua bodi, vile vibao vya umeme vya kompyuta, kiwandani miaka thelathini hata akaitwa Jicho. Nimeshika boksi zima la kompyuta. Baridi kama pua ya mbwa.

— Basi njiwa. Wanakaa kwenye nyaya, umeme unatetemeka.

— Njiwa! We Orrin, hivi yale magari ulikuwa unawauzia watu wenye akili timamu?

Tulicheka, ila Solda hakucheka. Kahawa yake ilikuwa imepoa bila kuguswa.

— Kinachoniuma, alisema, ni kwamba kazi hii ndiyo iliyonilisha. Miaka kumi na minane naandika programu ya chini kabisa, ile inayochomwa kwenye chipu ya bodi. Hodi zote nazijua.

— Hodi gani tena? Profesa akauliza.

— Sikiliza. Prosesa, ubongo wa kompyuta, ni kama mpishi mmoja jikoni, mikono miwili tu. Anakatakata vitunguu. Ukibonyeza herufi, kibodi inabisha hodi. Anaweka kisu chini, anakumbuka alipoishia, anatazama orodha: hodi namba hii inahudumiwa chumba kipi? Anahudumia, anarudi kwenye kitunguu kilekile. Saa nayo inabisha, diski inabisha. Programu yangu inazihesabu zote, na hesabu imetimia. Hakuna hodi iliyozidi.

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame, akasema Profesa kwa huzuni. Ndiyo maana mgongo unakuuma.

— Lakini muda unapotea, Solda akaendelea, sauti ikashuka. Ipo hodi moja ya siri. Hiyo ni ya bodi yenyewe. Ikibishwa, mpishi anapelekwa chumba cha nyuma, anafanyishwa kazi, anarudishwa, wala hajui kama aliondoka. Programu yangu haiwezi kuiona. Inakuta tu wakati umekwenda.

— Majasusi! Profesa akaruka. Nilisema mimi! Wanasikiliza walzi zetu!

— Ulisema njiwa, Concetta akamkumbusha.

Mwanamke mmoja aliyevaa sare za uuguzi, ambaye alikuwa akingoja mikate yake itoke ovenini, alitusogelea. Alikuwa ndiyo kwanza amehamia mtaani. Jina lake Yesenia.

— Samahani, wazee wangu. Huyo anayebisha kwa siri, anatumwa kufanya kazi gani?

Miezi miwili tulikuwa tumebishana kwa nini kinakwama, na hakuna aliyeuliza mpishi anakwenda kufanya nini.

Concetta ndiye aliyeanza kupauka uso.

— Stan. Ile kibodi niliyokuletea Pasaka, baada ya mimi kumwagia kahawa ile ya zamani. Ina plagi bapa.

— Plagi bapa, Solda akarudia polepole. Na programu yangu ni ya kizamani, inajua kibodi za plagi ya duara tu. Mungu wangu! Bodi inaivisha kibodi mpya nguo za ile ya zamani! Kila mara inampeleka mpishi kuchungulia kama kuna herufi, anatafsiri, anarudi. Kwa siri!

— Kwa hiyo ni mimi, Concetta akasema.

— Ni wewe, Solda akamjibu, akamshika mashavu kwa mikono yote miwili na kumbusu kwenye paji la uso. Wewe, mpenzi wangu, na kahawa yako!

Aliwasha upya, akaingia kwenye mipangilio ya bodi, akazima uigaji ule wa kibodi ya zamani. Battista mwenyewe alileta kibodi ya plagi ya duara kutoka ofisini kwake, imejaa unga. Solda akaichomeka, akabonyeza kitufe, akafumba macho.

Walzi ilianza. Ikakolea. Ikafika pale ilipokuwa inakwama; ikapita. Concetta akamvuta Profesa, wakacheza katikati ya njia ya miguu huku Yesenia akipiga makofi na mikate yake kwapani.

Saa nane kinanda kilikuwa kimesharudishwa mahali pake, kikipiga bila kwikwi, na bustani imefurika. Solda alipanda farasi mweusi wa safu ya nje, kofia mkononi, machozi yakimtiririka bila aibu. Profesa alikuta farasi wote wameshachukuliwa, akapanda nguruwe wa mbao aliyebaki, na mizunguko yote mitatu akawapungia watu mkono kana kwamba tangu mwanzo alitaka nguruwe.