Ndege Iliyozimika Kila Ilipopanda: Risala ya Mafundi wa Bwera kwa Mhandisi Alisi Kabugho

Mgeni rasmi, Mhandisi Alisi Kabugho, Mkuu wa Chuo cha Ufundi Mlimani, Kasese. Wazazi na majirani mliofunga maduka yenu ili mje. Na afande wetu wa Rukoki, ambaye tumekuwekea kiti lakini umechagua kusimama mlangoni:

Makaribisho

Karibu, mama. Hapa ulipoketi ndipo tunapofungulia injini za pikipiki siku nyingine zote. Harufu ya petroli unayoisikia tumepigana nayo tangu juzi kwa sabuni na maji ya moto, nayo imetushinda. Tunaomba uihesabu miongoni mwa wenyeji wako.

Risala hii tumeiandika sote kumi na wanne, katika vikao vitatu, na kila mmoja alitaka neno lake liingie. Ukisikia imepinda mahali, usimlaumu anayeisoma. Anayeisoma ni katibu wetu, Geneviève Katungu. Kikao kimempa amri moja tu: asiruke mstari wowote, hata ule utakaomtia haya.

Tulikotoka

Tulianza miaka saba iliyopita, mafundi wanne wa bodaboda chini ya turubai, kando ya barabara ya kwenda Mpondwe. Mwenyekiti wetu Kule alikuwa na spana kumi na moja, na ile ya kumi na mbili, ambayo ndiyo inayotakiwa kila siku, alikuwa anaiazima. Baadaye tulianza kuletewa jenereta, pampu za maji na vinu vya mahindi. Leo tuna mabati juu yetu. Tuko Wakonzo wa hapa na Wanande waliotoka Beni na Butembo. Mpaka wa Uganda na Kongo umepita katikati yetu, lakini nyumbani tunasikilizana bila mkalimani, na weusi wa oili kwenye vidole vyetu ni uleule.

Ndege tuliipata Kikorongo. Mgeni mmoja aliyekuwa amekaa pale na ndege yake ya kuchezea, yenye injini ya petroli, aliigonga kwenye mti, na alipokuwa anaondoka akawa anataka kuitupa. Kule alikuwa pale anafungua gia ya lori. Akaomba apewe. Aliileta Bwera juu ya bodaboda, amekumbatia bawa moja, na bawa la pili limefungwa mgongoni mwake. Njia nzima watu walimuuliza kama anahamia mbinguni.

Tunachojivunia

Mama, tunajivunia mengi, na hatuoni haya kuyasema. Hakuna kinu kilichokaa kimya zaidi ya siku mbili upande huu wakati sisi tupo. Vijana sita tuliowafundisha sasa wana vibanda vyao, na wawili wanatunyang'anya wateja waziwazi. Lakini hilo la ndege ndilo linalotutoa kifua mbele.

Mbawa tulizijenga upya kwa mianzi na maboksi ya povu ya kubebea samaki. Injini tuliifungua yote, tukaiosha, tukaifunga. Hapa Bwera haturushi kitu. Mpaka uko karibu, na kitu kinachonguruma angani karibu na mpaka huleta maswali mengi. Tuna barua ya ruhusa ya kurusha kwenye uwanja wa mpira wa Rukoki, Jumamosi asubuhi tu. Mara mbili za kwanza iliruka vizuri, na mwenzetu Davis, mshika rimoti, alianza kutembea kama rubani. Mara ya tatu akaitua kwa pua. Pangaboi likavunjika. Tukaweka jingine, tukanyoosha pua, tukasema yameisha.

Hayakuwa yameisha.

Tulivyoaibika

Jumamosi iliyofuata ndege ilipaa, na ndipo afande huyu aliyesimama mlangoni alipotokea, akapaza sauti: "Nyinyi! Hiyo kitu nini? Leta chini! Mukubwa wenu nani?"

Kule akamjibu, "Afande, pole, sisi iko na barua."

"Barua baadaye! Kitu chini kwanza!"

Hapohapo injini ikazimika, na ndege ikashuka yenyewe kama iliyoitwa jina. Uwanja mzima uliamini kwamba imemtii afande. Hata sisi tuliamini kidogo.

Lakini Jumamosi iliyofuata afande hakuwapo, na bado ikazimika. Ikikimbia chini, inanguruma vizuri. Ikiinua pua na kupanda, inapita kimo cha goli, inakohoa mara mbili, inakufa. Ilipozimika mara ya tatu iliangukia shamba la Mama Erina, ambaye yuko hapa, kiti cha mbele. Mama Erina aliibeba ndege kwa mkia hadi uwanjani, akasema, "Hii kuku yenu imevunja muhogo wangu mbili. Ile shamba yote mutapalilia." Tulipalilia, mama. Mafundi kumi na watatu, asubuhi nzima, na yeye amekaa kivulini anatuonyesha magugu tuliyoyaruka.

Sasa tunakuambia kosa letu, maana wewe ni mhandisi na utalielewa kuliko yeyote. Tulibadilisha plagi mara nne. Tulifungua kabureta, tukaipuliza, tukakaza na kulegeza skrubu zake mpaka vichwa vyake vikalika. Tulichaji betri ya moto wa plagi. Tukamshuku muuza petroli, tukanunua kwa mwingine. Kila tulipomaliza tuliifunga ndege juu ya meza hii, tukaiwasha, nayo ikanguruma nusu saa bila kukohoa. Tukapeana mikono. Jumamosi ikizimika, tunaanza tena kwenye plagi.

Sisi ni watu wa bodaboda. Kwa bodaboda tenki liko juu, kabureta iko chini, na mafuta hushuka yenyewe kama maji ya mlimani. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuliza mafuta yanatokaje ndani ya tenki. Wala hatujawahi kutengeneza pikipiki inayotazama mawingu. Kwa hiyo injini iliyokuwa inakufa ikiwa imeinua pua, sisi tuliipima ikiwa imelala.

Aliyekuja kuazima spana

Hapa msomaji wetu aliomba mara tatu jina lake liondolewe. Kikao kilikataa mara tatu.

Mwaka jana, wiki ile tuliyomaliza kupalilia, Geneviève aliingia hapa kuazima spana ya plagi. Alikuwa anatengeneza misumeno ya injini pembeni ya soko, kazi aliyofundishwa na baba yake huko Butembo. Hatukumjua. Alisimama pale mlangoni, akatusikiliza tukibishana kuhusu plagi ya tano, kisha akauliza:

"Musumeno inakata muti hata ukiilalisha kando, hata ukiipindua, haizimike. Juu ya nini? Juu ya hii: ndani ya tenki muko mupira ya kunyonya mafuta, yenye iko na kichwa ya uzito. Mafuta ikienda fasi yoyote, mbele ao nyuma, ile kichwa inaifuata. Hii ndege yenu, mupira yake inafuata mafuta?"

Kule akamwambia, na tumekubaliana kuyaandika maneno yake kama yalivyo: "Dada, mimi iko na miaka kumi na tano kwa injini. Hii ni plagi."

Akasema, "Sawa, papa. Basi muiwashe, muinue pua, mungoje."

Tuliiwasha. Wanaume wawili wakaishika kwa nyuma ya mbawa, wakaielekeza juu. Geneviève akahesabu kwa sauti. Alipofika kumi na nane ikakohoa mara mbili, ikafa. Tukailaza, ikawaka. Tukaiinua, ikafa. Kule akaiweka chini plagi ya tano.

Tulipofungua tenki tuliona. Siku ile ya kutua kwa pua, ule mpira na kipande chake kizito cha shaba uliruka mbele, ukajikunja, ukakwama kwenye ukuta wa mbele wa tenki. Ndege ikilala, mafuta yapo pale. Ikipanda, mafuta yanakimbilia nyuma, na mpira unabaki mbele unanyonya hewa. Kilembe wamechimba shaba miaka mingi kwa malori. Sisi tulipotezwa na kipande cha shaba kisichozidi punje ya mahindi.

Geneviève aliunyoosha mpira, kisha akakata kipande cha antena ya redio iliyovunjika, kilicho wazi ndani, akakichomeka katikati yake ili usijikunje tena. Jumamosi hiyo ndege ilipanda, ikakaa angani dakika kumi na moja. Mama Erina alipiga vigelegele. Na afande, ambaye ndiye aliyetuamuru tuishushe, alisema: "Rudisha juu. Mara moja tena."

Wiki iliyofuata tulimwomba Geneviève awe mwanachama. Leo misumeno ya mlima wote huu inaletwa kwetu, na hatuazimi spana kwa mtu.

Ombi

Mama, tulikuwa na maombi matano. La mashine ya kuchomelea, la mabati ya upande ule unaovuja, la umeme, la kiwanja. Tumeyafuta manne kwa kalamu nyekundu, na karatasi tunayo ukitaka kuiona. Ombi letu ni moja.

Geneviève ameomba nafasi chuoni kwako mara mbili. Mara zote mbili alijibiwa kwa adabu, kwa sahihi yako, kwamba alete cheti halisi cha shule. Hana. Kiliungua Beni, alikokuwa amehamia, pamoja na nyumba. Kujiandikisha kunafungwa Ijumaa hii. Hatukuombi uvunje kanuni. Tumezisoma kanuni zako zote, na ile ya tisa inasema mwombaji alete cheti "au uthibitisho mwingine wa ujuzi utakaomridhisha Mkuu wa Chuo." Tuliusoma mstari huo mara nyingi kuliko tulivyowahi kusoma kitabu chochote.

Ukurasa wa mwisho

Ukurasa huu umekuwa ndani ya bahasha mfukoni mwa Kule mpaka dakika hii. Kikao kiliuandika katibu akiwa ametumwa sokoni. Yeye anauona sasa kama unavyousikia wewe. Geneviève, usisite. Endelea kusoma.

Mgeni rasmi, nyuma ya pazia lile iko ndege yenyewe, nzima, tenki limejaa, na bisibisi ziko pembeni. Tunakuomba uinuke, uende peke yako, uiharibu. Uharibu unavyojua wewe, kwa elimu yako yote. Usituambie umefanya nini, wala usimhurumie msomaji wetu, maana ndiye atakayeitengeneza. Chai itamiminwa utakaporudi, na sisi tunaamini itanyweka ikiwa bado ya moto.

Mungu akurudishe Kasese salama, abariki mkono wako unaotia sahihi, na awape watoto wa kwako walimu wenye masikio. Wasingya, asante sana. Msomaji wetu akishataja jina la kikundi, aweke karatasi chini, akunje mikono ya blauzi, asimame kando ya pazia.

Ni sisi,
Kikundi cha Mafundi wa Injini Ndogo, Bwera.