Siku Tatu Kifuani kwa Mama Hadija

Sifa kwa Bwana, ndugu zangu! Nasema tena, sifa kwa Bwana! Wazee wa kanisa, shikamooni. Akina mama wenzangu, na ninyi vijana mlioketi huko nyuma karibu na mlango, nawasalimu nyote. Mimi ni Mama Elia wa mstari wa tatu, nyumba ile yenye uzio wa mabua. Leo ni siku ya mavuno na wenzangu wameleta uwele na kuku. Mimi, pamoja na mayai, nimeleta aibu yangu, nayo naiweka hapa mbele.

Mnanijua. Mimi ni mtu wa kushuku. Ukinipa ugali, nasubiri wewe ule kwanza. Ukimsifia mtoto wangu, usiku silali. Mama yangu mzazi alikuwa akisema nitaolewa na mlango, kwa jinsi nilivyopenda kuufunga. Kule kwetu mlimani hilo halikuwa na shida, maana jirani ulimjua kwa moshi wake tu. Halafu serikali ikatuhamisha. Tukaletwa hapa barabarani, nyumba zikapangwa mistari kama mahindi, na dirisha langu likatazama uwanja wa mtu nisiyemfahamu.

Mtu huyo ni Mama Hadija. Mjane, Mwislamu, ametokea upande mwingine wa bonde. Mara ya kwanza tulionana juu ya lori siku ya kuhamia. Mimba yangu ilikuwa ya miezi saba, mume wangu yuko Rungwa kwenye mizinga yake ya nyuki, na mimi ndiye niliyebeba magunia na mawe ya kusagia. Lori likaruka kwenye makorongo, uchungu ukanishika. Tulipofika hapa palikuwa na vigingi tu ardhini, hakuna nyumba hata moja. Mtoto akazaliwa nyuma ya marundo ya vyombo, upepo wa Singida mnaujua, na mimi nikapoteza damu nyingi nikazimia.

Siku tatu sikujitambua, ndugu zangu. Nilipofumbua macho nikaambiwa mtoto yuko hai. Nikauliza yuko wapi. Wakanionyesha Mama Hadija. Amekaa, amejifunga kanga mbili, na ndani ya kanga hizo yumo mwanangu, uchi, kifuani kwake, ngozi kwa ngozi. Siku zote tatu hakumtua. Wakasema alinikamua maziwa mimi nikiwa sijitambui, akamdondoshea mtoto kwa kijiko.

Mtu mwingine angelia kwa shukrani. Mimi nilijiuliza anamnyonya nini mwanangu.

Nikamchukua mtoto siku ile ile na asante sikusema. Nikamwita Elia. Nyumba yetu ya tembe iliposimama, nikamlaza chumba cha ndani kabisa, chenye lile dirisha moja. Sasa kila asubuhi Mama Hadija alikuwa akija kupepeta uwele wake karibu na dirisha langu, na huku anapepeta ananong'ona. Ananong'ona akitazama dirishani! Nikaziba masikio. Nikaziba na dirisha kwa matambara. Nikitoka, Elia yuko mgongoni amefunikwa gubigubi. Nilimkataza kila mtu kumshika, kumchekea, hata kumsemesha, ili asizoee sauti za watu. Na mimi mwenyewe nilinyamaza, nisije nikasikika nje.

Miezi ikapita. Watoto wa wenzangu wanakaa, wanatambaa, wanakula udongo. Elia wangu ana miezi kumi, hajakaa. Mguu wa kushoto umekaza. Hacheki. Macho anayaelekeza ukutani. Nikasema moyoni, huyu mama amechukua akili ya mwanangu.

Ndugu zangu, nilikwenda kwa balozi wa nyumba kumi. Nikamwambia nalogewa mtoto. Nikapata wanawake wawili wa kunisemea. Balozi akaitisha kikao siku ya Alhamisi, na maneno yalikuwa kwamba Mama Hadija avunjiwe nyumba, apelekwe mwisho wa kijiji kule korongoni, akae peke yake. Mjane yule! Nami nilikuwa natembea nimeinua kichwa.

Jumatano nikampeleka Elia zahanati ya misheni. Nesi wa pale, mama mtu mzima, nilikuwa nimemdanganya tangu kadi ilipoandikwa. Aliponiuliza mtoto alizaliwa na miezi mingapi, nilisema tisa. Niliogopa kwamba mtoto njiti akijulikana ni njiti, wenye nia mbaya wanajua pa kumshika. Sasa siku hiyo nesi akamkunja miguu Elia, akamkunjua, uso wake ukabadilika. Akasema mtoto wa miezi kumi mwenye hali hii ni mgonjwa sana, anamwandikia barua ya hospitali ya mjini. Hapo woga ukanizidi. Nikasema kweli yote, kwamba alizaliwa na miezi saba.

Nesi aliifuta ile tisa kwenye kadi, akaandika saba. Akanieleza taratibu kwamba ile miezi ya mwisho tumboni ndipo ubongo wa mtoto unapokua kwa kasi, na wa Elia ulilazimika kumalizia kukua huku nje, kwenye baridi. Basi nisimhesabu tangu siku aliyozaliwa. Nimhesabu tangu siku aliyopaswa kuzaliwa, na kwa hesabu hiyo ana miezi minane. Bado amechelewa, akasema, na mguu ule huenda ukabaki na udhaifu. Wengine huchelewa kusema, wengine huwafikia wenzao kabisa. Yeye hakuniahidi kitu.

Kisha akauliza nani alimtunza siku za kwanza. Nikaona nimepata shahidi wa kikao! Nikamwaga yote, kifua, kanga, kijiko. Nesi akaweka kalamu chini.

"Huyo mama ndiye aliyekuwa tumbo la pili la mwanao," akasema. "Bila joto lile na maziwa yale, usingekuwa na mtoto wa kuniletea."

Akauliza Elia anashindaje. Nikamweleza chumba, giza, dirisha lililozibwa, ukimya. Alikasirika, ndugu zangu, akanisema kama mtoto mdogo. Akasema ubongo wa mtoto kama huyu unataka mwanga, kushikwa, kulazwa kwenye mkeka ajinyooshe, na zaidi ya yote kusemeshwa, na mimi nimemfungia vyote hivyo nje.

Je, niliamini? Sikuamini! Njiani nilimshuku hata nesi, nikasema huenda wanajuana. Nikafika nyumbani na moyo wangu ule ule. Mama Hadija yuko pale pale na ungo wake, ananong'ona. Nami nikasikia kitu kinanisukuma mgongoni. Ni Elia. Mtoto ambaye hakugeukia kitu chochote alikuwa ameinua kichwa chini ya nguo, anageuza shingo kuitafuta sauti ile. Nikamfunua. Akamwona. Akacheka!

Kwa mara ya kwanza tangu tuhamie, nikasimama nikasikiliza anachosema. Alikuwa anasema kwa Kinyaturu, pole pole, kama mtu anayefundisha.

"Huu ni ungo. Hizi ni pumba. Yule ni kuku, anatuibia."

Basi! Ndiyo maneno niliyoyazibia masikio miezi yote ile. Alikuwa anamtajia mwanangu dunia kupitia dirishani, na mimi mama yake sikuwa nimemtajia hata kuku. Nililia pale pale uwanjani, nikamwambia Bwana, mchawi wa mtoto huyu ni mimi.

Alhamisi kikao kikakaa. Balozi akaniita niseme. Wanawake wangu wawili wako tayari. Nikasimama nikasema nilivyodanganya kadi, nilivyoziba dirisha, nilivyomsingizia mtu aliyemwokoa mwanangu. Nikaenda kupiga magoti mbele ya Mama Hadija. Nilijua atanitemea mate, na angekuwa na haki. Yeye akanyoosha mikono tu.

"Nipe mtoto," akasema. "Mgongo wako umechoka."

Ndugu zangu, leo Elia ana miaka minne. Alikaa kwa kuchelewa, akatembea kwa kuchelewa zaidi, na mguu wa kushoto bado anauburuta kidogo. Neno lake la kwanza lilitoka amevuka miaka miwili, na neno lenyewe lilikuwa kuku. Namshukuru Mungu kwa huo mguu na kwa hilo neno. Namshukuru kwa kunifungua, ingawa bado ananifungua, maana asubuhi hii nilihesabu sadaka yangu ya mayai mara mbili nikimwangalia mzee wa kanisa.

Na wewe uliyefunga dirisha lako kwa sababu ya mtu fulani, nakusihi, mwamini Bwana, lifungue leo hii hii, usikilize kwanza anasema nini.

Mnaniuliza mtoto yuko wapi, mbona sikumleta mbele mkamwona. Nilimleta. Yuko pale nje ukutani na Mama Hadija. Nimemwomba amshike huko mpaka ibada iishe, kwa sababu Elia akiingia humu ndani hanyamazi.