Cherehani Iliyozikwa na Mawese

Pale Ujiji, kwenye benchi la Amuri muuza kahawa, walikaa watu waliojua kila kitu isipokuwa kunyamaza. Asubuhi hiyo mada ilikuwa ya Niyibizi, fundi nguo waliyempachika jina la Sindano, naye mwenyewe alikuwa amekaa katikati yao. Mabasi ya kuwarudisha wakimbizi Burundi yalishaanza kuondoka, na jina lake lilikuwa limeitwa. Siku ya kukimbia vita aliizika cherehani ya marehemu baba yake nyuma ya nyumba, kaipaka mawese mazito, kaifunga majani ya mgomba. Ndiyo mali pekee aliyokuwa anairudia, na roho yake ilikuwa juu juu: kutu imeiacha kweli?

— Mawese? — Patrick, fundi injini za boti, maarufu Grisi, alishika kichwa. — Mzee, mawese yakichacha yenyewe yanakula chuma! Ungepaka grisi. Maji yakiigusa yanateleza, yanakwenda zao.

— Nakimbia risasi, bwana, grisi naitoa wapi? — Niyibizi alijibu.

— Basi imekwisha hiyo. Mficha uchi hazai.

— Methali hiyo inaingiaje hapa?

— Si uliificha?

Selestini, mvuvi wa Ilagala, akadakia:

— Grisi, acha fiksi. Dawa ni mafuta ya sangara. Samaki anakaa majini maisha yake yote, ulishamwona ana kutu?

— Samaki cha mtoto! — Amuri aliweka birika chini. — Jani la gimbi! Limwagie maji, yanakuwa shanga, yanabingirika, jani kavu! Siku tukijua Mungu alilipaka nini, tunapaka meli nzima. Hata ikizama, hailowi!

Benchi likaangua kicheko. Niyibizi hakucheka. Ilimuuma kuona mashine iliyomsomesha inageuzwa utani, lakini alitamani mmoja wao awe sahihi, hata huyo wa samaki.

Mwanamke mmoja, Verediana, alikuwa ameshuka kwenye gari la Kidahwe na kuagiza kahawa. Alimaliza kikombe ndipo akauliza:

— Samahani, kaka. Huko kwenye nyumba yenu, sasa hivi anakaa nani?

Grisi akatazama kucha zake. Selestini akakohoa. Amuri akainua birika, asimmiminie mtu.

 Miaka yote ya kambini Niyibizi alijiona akifika pale na jembe begani, anachimba. Hakuwahi kujiona akipiga hodi kwenye nyumba yao.