Pua Yake Haikuwa na Kosa

Mama yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Mikanda, alizaliwa Jumamosi tarehe 14 Juni 1958, mtoto wa tatu kati ya saba, katika chumba cha nyuma cha duka la baba yake la kutengeneza viatu. Bibi alipenda kusimulia kwamba alitoka kimya, mkunga akampiga makofi mawili, ndipo akavuta pumzi, tena akaivuta kwa hasira.

Alianza shule Januari 1965 na kumaliza darasa la saba mwaka 1971. Akili alikuwa nazo, lakini alisinzia. Alisinzia kwenye hesabu, akasinzia kwenye jiografia, na siku moja alisinzia wima huku akiwasomea wenzake kwa sauti. Walimu walimchapa, wenzake wakambandika jina la Gogo. Ripoti yake ya mwisho, aliyoitunza sandukuni hadi juzi, inasema: "Ana kipaji ila ni mvivu." Hakuwa mvivu. Tunalisema mbele yenu nyote, na kama yuko mwalimu wake aliye hai, salamu zimfikie.

Mwaka 1975 aliajiriwa katika kiwanda cha kushona sidiria. Wazee watuwie radhi kulitaja vazi hilo mahali hapa, lakini bila hilo habari hii haina miguu. Kwa miaka kumi na sita vidole vyake vilijifunza mahali mkanda unapokata bega na mahali lastiki inapoacha alama. Mwaka 1991 msimamizi alimkuta kichwa kiko juu ya cherehani, mguu bado uko kwenye pedali. Alifukuzwa siku hiyohiyo, akaanza kushonea nyumbani.

Tarehe 2 Agosti 1980 alikuwa amefunga ndoa na baba yetu, fundi redio, mtu wa kusikiliza vitu vilivyoharibika. Yeye ndiye aliyegundua mapema.

"Mke wangu, wewe unakata pumzi ukilala."

"Ninakoroma tu, acha maneno."

"Kukoroma kwako nakujua. Huku ni kunyamaza."

Ilichukua miaka ishirini na tatu mpaka hospitali ikasikia alichosikia fundi redio. Mwaka 2003 alipimwa, akaambiwa ugonjwa wake una jina: njia ya hewa hujifunga usingizini, pumzi hukatika tena na tena, na mchana mtu hushinda hoi kana kwamba hakulala. Alilia. Hakulilia ugonjwa, alililia fimbo zote zile. Akapewa mashine ya kupuliza hewa pamoja na barakoa ya kuvaa puani.

Sasa barakoa ile ilitengenezwa kwa pua nyembamba iliyochongoka, na ya mama, kama mnavyoiona kwenye picha, ilikuwa imekaa kwa nafasi. Hewa ilivujia machoni. Mikanda ilimchimba mashavu mpaka akatoka kidonda. Baada ya miezi miwili aliirudisha, na daktari akaandika kwenye faili: "Mgonjwa hataki kushirikiana na matibabu." Mama alilisoma kichwa chini, faili likiwa mezani mbele ya daktari.

"Daktari," alisema, "pua yangu haina kosa." Akaichukua barakoa, akaondoka nayo.

Aliifumua juu ya meza yake ya kushonea. Akamlaza baba kwa majaribio, akampaka plasta ya jasi usoni kupata umbo la kufinyangia silikoni laini, akamwachia matundu mawili ya pua na kumkataza kucheka; kisha wakabadilishana, baba akampaka yeye. Mikanda akaifunika pamba, akaitia vile vibizimu vidogo vya sidiria vinavyoteleza, ili mtu aikaze au kuilegeza mwenyewe bila kufungua macho. Kwanza alivaa yeye. Wiki ya tatu alishona kutwa nzima bila kusinzia, jioni akakaa kizingitini akimtazama kila anayepita. Kisha akaja dereva wa lori, halafu jirani wa dereva, na wengine wakafuata. Wauza vifaa wakaandika barua: fundi cherehani hana ruhusa ya kugusa kifaa cha tiba. Mama aliisoma, akaigeuza karatasi ya kukatia kiolezo cha barakoa.

Aprili 2006 alikuja daktari yuleyule, amemshika mkono mama yake mzazi. Mama yetu angeweza kumfukuza. Alichukua futi, akampima yule bibi. Baada ya siku nne bibi alirudi, barakoa inavuja pande zote, akaomba radhi kwa mashavu yake. Ndipo ilipojulikana: bibi alipimwa ameketi, meno ya bandia yakiwa mdomoni, na anapolala huyavua, mashavu yakabonyea.

"Kosa ni langu, si la uso wako, mama," alisema mama yetu, na daktari akiwa anasikia.

Tangu hapo alipima watu wamelala kwenye kitanda kilicho kando ya dirisha, meno yakiwa kwenye kikombe. Barakoa ya pili ilikaa. Bibi aliijaribu saa nane mchana, akaamka saa kumi na moja akiuliza nani kamfunika shuka. Daktari akauliza ashukuru vipi.

"Faili langu."

"Hospitalini haturuhusiwi kufuta."

"Sijasema ufute. Piga mstari, andika ukweli, weka sahihi."

Akaandika: "Barakoa haikumfaa mgonjwa." Ukurasa huo tumeuchapisha nyuma ya ratiba hii. Mwenye sahihi yuko nasi, ameketi safu ya tatu.

Ile miaka arobaini na mitano bila tiba ilikuwa imeuchosha moyo. Tangu Novemba 2021 miguu ilianza kuvimba. Alifariki hospitalini Alhamisi tarehe 9 Machi 2023, saa nne asubuhi, baba akiwa kando yake. Neno lake la mwisho kwetu lilikuwa la kazi: mkanda wa dereva wa lori umelegea, ubadilishwe.

Ameacha mume, watoto wanne, wajukuu tisa, dada mmoja, na watu wengi wanaoamka wazima. Mkanda wa dereva umebadilishwa. Karakana itafunguliwa Jumatatu. Walioandika barua waje, kitanda kipo, watapimwa.

Mama, pumzika. Safari hii ukilala, asithubutu mtu kukuita mvivu.