Makumi Matatu Mara Nne

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Mwalimu Veneranda wa Kihesa, Iringa. Amezikwa Jumamosi. Alikuwa mwalimu wa hesabu, na kwa miaka mingi aliona aibu kusifiwa kwa kazi hiyo.

Aibu yenyewe ilianzia Madibira, kwenye mashamba ya mpunga. Alifundisha sekondari moja huko, bado msichana. Hesabu zilifundishwa kwa Kiingereza. Aliyeongea lugha nyingine alivishwa kibao shingoni, akakaa nacho mpaka jioni.

Siku moja alimwita ubaoni Seni, mtoto wa wafugaji wa Kisukuma. Swali: thelathini mara nne. Seni akanong'ona kwa lugha ya kwao, ambamo thelathini huitwa makumi matatu. Makumi matatu mara nne, makumi kumi na mawili. Akaandika mia na ishirini. Sahihi kabisa.

"Anahesabu ng'ombe huyo!" mmoja akapaza sauti. Darasa zima likaangua kicheko.

Veneranda alimwelewa Seni. Kihehe cha bibi yake kilihesabu vivyo hivyo. Lakini siku hiyo mkaguzi wa shule alikuwa amekaa nyuma. Veneranda akalifuta jibu, akamvisha Seni kibao. Kesho yake Seni hakuja shule. Hakuja tena.

Baadaye Veneranda alihamia Iringa. Jioni aliwafundisha watu wazima parokiani, kila mmoja kwa lugha aliyoielewa. Wakimshukuru, alitazama chini. Binti yake, Matilda, anasema, "Mama hakusali rozari bila kumtaja Seni. Mimi nilidhani ni ndugu yetu."

Mwaka jana Veneranda alimfuata Seni Madibira. Akamkuta zizini, mtu mzima.

"Shikamoo, Madam. Umekuja na kibao chako?"

"Marahaba, Seni. Nimekuja kuomba msamaha."

"Kwani jibu langu lilikuwaje?"

"Lilikuwa sahihi."

"Hilo mimi nalijua. Kawaambie waliocheka."

Aliahidi. Kisha akaona haya, akaahirisha, ugonjwa ukamkuta hapo hapo. Mwishoni alimshika Matilda mkono: "Nenda redioni, mwanangu. Mimi nimeshindwa."

Matilda na familia yote, poleni sana. Mungu ampokee mama yetu, aipokee na aibu yake. Nasi walimu na wazazi tujiulize, tumemfutia nani jibu kwa sababu ya lugha aliyolipatia?

Na ninyi mliosoma darasa lile Madibira, popote mlipo, sikilizeni. Seni alipata. Mwalimu wenu alijua.